UCHAMBUZI: Usahaulifu wa wazee China una mizizi katika maradhi yanayotibika

MASWALI yenyewe si magumu. Leo ni tarehe ngapi? Ni siku gani ya juma? Ukitoa saba katika mia moja zinabaki ngapi, na ukitoa saba tena? Mzee husomewa maneno kumi na kutakiwa ayarudie, kisha baada ya muda kidogo huulizwa anakumbuka mangapi. Huonyeshwa pia maumbo mawili ya pembe tano yaliyopandana, akapewa kalamu ayachore.

Huo ndio mtihani ambao maelfu ya Wachina wa umri wa miaka 45 na zaidi wamekuwa wakiufanya nyumbani kwao tangu mwaka wa 2011, katika utafiti mkubwa unaosimamiwa na Chuo Kikuu cha Peking kuhusu afya na maisha ya uzeeni.

Uzito wa utafiti huo hauko katika maswali bali katika subira yake. Watu wale wale hurejewa kila baada ya miaka kadhaa, wakaulizwa yale yale, na kutajiwa orodha ya maradhi ili waseme ni yapi ambayo daktari aliwahi kuwaambia kwamba wanayaugua. Katika awamu kadhaa wamepimwa pia shinikizo la damu, na wengi wao wakatolewa damu ya kuchunguzwa katika maabara.

Wachanganuzi wa takwimu hizo wamekuwa wakipata picha inayofanana. Kadiri maradhi sugu yanavyorundikana katika mwili mmoja, ndivyo alama za mtihani zinavyoshuka, na ndivyo zinavyozidi kushuka upesi mtafiti anaporejea mlangoni miaka michache baadaye. Waliopatwa na kiharusi huwa katika hali mbaya zaidi.

Matokeo hayo yanagonga imani kongwe, China kama kwingineko, kwamba mzee akisahau jina la mjukuu wake ni uzee tu umemfikia, mithili ya mvi na makunyanzi. Ikiwa sehemu kubwa ya usahaulifu huo inaletwa na maradhi yanayofahamika, yenye dawa za miaka mingi na za bei nafuu, basi suala hili linaacha kuwa la majaliwa. Linakuwa suala la nani alipimwa, nani hakupimwa, na kwa nini.

Ukubwa wa tatizo

Hakuna taifa lililo na wazee wengi kuliko China. Sensa ya mwaka wa 2020 ilihesabu watu milioni 264 waliotimiza miaka 60 na zaidi. Kufikia mwisho wa mwaka wa 2024 idadi hiyo ilikuwa imefika milioni 310, yaani zaidi ya mtu mmoja katika kila watano.

Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2020 katika jarida la Lancet Public Health, uliowahusisha watu 46,011 katika mikoa 12, ulikadiria kwamba wazee milioni 15 nchini humo wana maradhi ya usahaulifu. Karibu milioni 10 kati yao wana ugonjwa wa Alzheimer. Takriban milioni nne wana ule usahaulifu unaotokana moja kwa moja na kuharibika kwa mishipa ya damu ya ubongo. Wengine milioni 38 na ushei walikuwa wameanza kupungukiwa na uwezo wa akili, ingawa bado wangeweza kujifanyia shughuli zao za kila siku.

Ni hawa wa mwisho ambao wataalamu huwakodolea macho. Baadhi yao watabaki walivyo, wachache watarejea hali ya kawaida, na wengine wataendelea kuteremka.

Watafiti hao waliorodhesha mambo yaliyoambatana na hatari kubwa zaidi. Kuna umri na kuwa mwanamke, mambo ambayo hayabadiliki. Kuna kuishi mashambani, kukosa elimu na kuishi bila mwenzi. Halafu kuna msafara mrefu wa mambo yanayotibika au kuzuilika: shinikizo la damu, kisukari, mafuta mengi katika damu, maradhi ya moyo, kiharusi na uvutaji wa sigara.

Mtu anaweza kuuliza, shinikizo la damu lina nini na kukumbuka tarehe? Ubongo ni mlafi wa damu. Una uzani mdogo ukilinganishwa na mwili mzima, lakini hutumia takriban sehemu moja kwa tano ya oksijeni yote inayovutwa. Damu hiyo huufikia kupitia mishipa ambayo mingine ni myembamba kuliko unywele. Shinikizo likikaa juu kwa miaka 20, mishipa hiyo hukakamaa na kuziba, kimoja hapa kingine pale, na kila inapoziba kipande kidogo cha ubongo hufa bila kelele. Hakuna anayeanguka wala kupooza mkono. Ila siku moja mke anagundua kwamba mumewe, aliyekuwa akiuza mboga sokoni maisha yake yote, hawezi tena kurudisha chenji.

Kisukari nacho huharibu mishipa hiyo hiyo kwa njia yake. Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikadiria mwaka wa 2021 kwamba Wachina watu wazima wapatao milioni 140 walikuwa na ugonjwa huo, idadi kubwa kuliko ya nchi nyingine yoyote. Tumbaku nayo haijachoka: uchunguzi wa kitaifa wa mwaka wa 2018 uligundua kwamba nusu ya wanaume wa China wenye umri wa miaka 15 na zaidi walikuwa wakivuta sigara.

Ndiposa maradhi haya hayapaswi kuhesabiwa moja moja kama shanga. Mzee mwenye shinikizo la damu pekee yuko katika hatari fulani. Mwenye shinikizo, kisukari na historia ya kiharusi, ambaye pia hasikii vizuri na tangu afiwe na mkewe hazungumzi na mtu, yuko katika hatari ya namna nyingine kabisa. Jopo la wataalamu lililoundwa na jarida la Lancet lilisema mwaka wa 2024 kwamba takriban asilimia 45 ya visa vya usahaulifu duniani vingeweza kuzuiliwa au kucheleweshwa iwapo mambo 14 ya hatari yangeshughulikiwa. Mengi kati ya hayo yanapatikana tele katika vijiji vya China.

Njaa na shule

Hata hivyo, haifai kuwatazama wazee hawa kana kwamba waliingia duniani siku waliyofikisha miaka 60. Kizazi hiki kina historia iliyo nzito kupita kiasi, na historia hiyo imeandikwa katika miili yao.

Wakati Jamhuri ya Watu wa China ilipoasisiwa mwaka wa 1949, takriban asilimia 80 ya wananchi hawakujua kusoma wala kuandika. Kampeni za kufuta ujinga zilifuata, lakini wasichana wa mashambani ndio walioachwa nyuma. Baadaye kati ya mwaka wa 1966 na 1976 yakaja Mapinduzi ya Utamaduni. Shule nyingi zikavurugika, mtihani wa kuingia vyuo vikuu ukasimamishwa hadi mwaka wa 1977, na vijana wa mijini wakapelekwa mashambani kulima. Elimu ya utotoni ni akiba ya ubongo. Aliyesoma huwa na njia nyingi za kuzungukia sehemu iliyoharibika, na asiyesoma huwa nazo chache.

Kabla ya hapo palikuwa na njaa kuu ya mwaka wa 1959 hadi 1961, iliyoua mamilioni ya watu. Waliokuwa tumboni mwa mama zao au wachanga wakati huo sasa wako katikati ya miaka ya sitini. Tafiti kadhaa zimeonyesha kwamba wana uwezekano mkubwa zaidi wa kupatwa na kisukari na shinikizo la damu ukubwani, ingawa wapo wataalamu wanaohoji ni kiasi gani cha tofauti hiyo kinaletwa na njaa na kiasi gani ni umri tu.

Elimu huzua pia utata katika mtihani wenyewe. Ajuza ambaye hajawahi kushika kalamu maishani mwake atashindwa kuchora maumbo ya pembe tano hata kama akili yake ni timamu. Watafiti hujaribu kurekebisha tofauti hii kwa hesabu, lakini hesabu ina kikomo chake.

Lipo tatizo jingine, na kwa maoni ya mwandishi huyu ndilo kubwa zaidi. Utafiti unaomuuliza mzee ni maradhi gani daktari amemwambia anaugua humhesabu asiyewahi kumwona daktari kuwa ni mzima. Mkulima wa kijiji cha mbali ambaye damu yake imekuwa ikigonga mishipa kwa nguvu tangu akiwa na umri wa miaka 40 ataingia katika orodha ya wasio na maradhi yoyote. Vilevile, sababu na matokeo huweza kubadilishana nafasi: anayesahau tarehe husahau pia kumeza tembe, shinikizo likapanda, na usahaulifu ukazidi.

Kwa sababu hiyo, takwimu za kuuliza na kujibu haziwezi peke yake kuthibitisha kwamba kutibu shinikizo kunaokoa kumbukumbu. Palihitajika jaribio.

Tembe na daktari wa kijiji

Jaribio hilo lilianza mwaka wa 2018 katika vijiji 326 vya mikoa ya Liaoning, Shaanxi na Hubei. Watu 33,995 wenye umri wa miaka 40 na zaidi, wote wakiwa na shinikizo la damu lisilodhibitiwa, waliingizwa humo. Nusu ya vijiji viliachwa viendelee na huduma ya kawaida. Katika nusu nyingine, kazi ilikabidhiwa madaktari wa vijiji.

Ifahamike kwamba daktari wa kijiji nchini China si daktari kwa maana tuliyoizoea. Ni mrithi wa wale walioitwa madaktari pekupeku katika enzi ya Mao Zedong, wakulima waliopewa mafunzo ya miezi michache na mkoba wa dawa, ambao serikali iliwabadilisha jina mwaka wa 1985. Hana shahada ya udaktari, lakini anamjua kila mtu na anajua nani amegombana na mkaza mwana wake.

Madaktari hao walifundishwa kufuata utaratibu rahisi: anza na dawa hii, isipotosha ongeza ile, mpaka kipimo kishuke chini ya 130 juu ya 80. Wagonjwa walipewa dawa bure au kwa bei iliyopunguzwa, pamoja na mashine za kujipimia nyumbani. Daktari wa kijiji alilipwa kulingana na matokeo, naye alisimamiwa na madaktari wa ngazi za juu. Dawa zenyewe zilikuwa zile zile zilizozoeleka miaka mingi.

Baada ya miezi 48, shinikizo katika vijiji vya jaribio lilikuwa limeshuka kwa vipimo 22 zaidi ya vijiji vingine, kwa kuhesabu ile namba ya juu. Maradhi ya moyo na kiharusi yalikuwa yamepungua, jambo lililotarajiwa na lililotangazwa mwaka wa 2023. Lililosubiriwa kwa hamu ni la pili, lililochapishwa katika jarida la Nature Medicine mwezi wa Aprili 2025: visa vya usahaulifu vilikuwa vichache kwa asilimia 15 katika vijiji vilivyotibiwa.

Asilimia 15 si muujiza. Mtu anayetaka kichwa cha habari cha kutisha ataiona haba. Lakini huu ulikuwa mmoja wa ushahidi wenye nguvu zaidi hadi leo kwamba kushusha shinikizo la damu hupunguza usahaulifu wenyewe, na ulipatikana si katika hospitali ya kifahari ya Shanghai bali katika zahanati za mashambani, mikononi mwa watu wasio na digrii.

Miaka minne ni michache mno kwa maradhi yanayochukua miongo miwili kukomaa. Kwa hivyo huenda faida ikazidi kadiri miaka inavyosonga, mradi tembe zisikome.

Hapo ndipo penye mwiba. Utafiti mwingine uliowapima Wachina milioni 1.7 wa umri wa miaka 35 hadi 75, na kuchapishwa mwaka wa 2017, uligundua kwamba karibu nusu yao walikuwa na shinikizo la juu la damu. Kati ya hao wenye shinikizo, chini ya thuluthi moja walikuwa wakitumia dawa. Waliokuwa wamelidhibiti walikuwa chini ya mmoja katika kila kumi na wawili.

Si kwamba serikali ya Beijing ilikaa kitako. Mwaka wa 2003 ilianzisha bima ya afya ya mashambani, ambapo mwanachama alichanga yuan 10 kwa mwaka. Mwaka wa 2009 ilitangaza huduma za msingi bila malipo, ikiwemo kuwapima kila mwaka wenye umri wa miaka 65 na zaidi. Mwaka wa 2019 iliagiza bima igharimie angalau nusu ya bei ya dawa za shinikizo na kisukari kwa wagonjwa wasiolazwa. Ununuzi wa pamoja ulioanza katika miji 11 ulikuwa umeshusha bei za dawa katika awamu yake ya kwanza kwa wastani wa zaidi ya nusu.

Lakini mchango wa bima ulikuwa umepanda hadi yuan 400 kwa kila mtu ilipofika mwaka wa 2025. Mwaka huo huo, kiwango cha chini cha kitaifa cha pensheni ya mzee wa mashambani kilikuwa yuan 143 kwa mwezi, takriban dola 20 za Marekani. Mikoa tajiri huongeza juu yake, mikoa maskini huongeza kidogo. Kwa anayetegemea kiwango cha chini, bima ya mwaka mmoja ni karibu pensheni ya miezi mitatu.

Na mashambani ndiko waliko wazee. Vijana walihamia viwandani, wakaacha vijiji ambako, kwa mujibu wa sensa ya 2020, karibu asilimia 24 ya wakazi wana miaka 60 na zaidi, ikilinganishwa na takriban asilimia 16 mijini. Sera ya mtoto mmoja, iliyodumu hadi mwaka wa 2015, imewaacha wengi wa mijini na mtoto mmoja wa kutegemewa. Mtoto huyo naye ana wazazi wawili na pengine nyanya na babu wanne. Sheria iliyoanza kutekelezwa Julai 2013 iliwataka watoto waende kuwajulia hali wazazi wao mara kwa mara. Sheria yaweza kumlazimu mtu kusafiri, lakini si yeye atakayekuwepo Jumanne asubuhi kuangalia iwapo tembe imemezwa.

Upweke wenyewe ni sumu kwa ubongo. Wanauchumi waliochunguza pensheni ya mashambani iliyoanza mwaka wa 2009, kwa kutumia takwimu za Chuo Kikuu cha Peking, walipata jambo la kushangaza: katika maeneo ilikoanza kutolewa, wazee walifanya vibaya zaidi katika kukumbuka yale maneno kumi. Maelezo waliyoyatoa ni kwamba walioacha kazi walipunguza pia kuchangamana na watu. Haimaanishi kwamba pensheni ni mbaya, la hasha. Inamaanisha tu kwamba pesa bila mtu wa kuzungumza naye hazitoshi.

Chumvi nayo haiwezi kupitwa kimya. Mchina wa kawaida hula takriban gramu 10 za chumvi kwa siku, mara mbili ya kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, na nyingi hutiwa jikoni nyumbani na hata katika mboga za kuhifadhiwa. Katika jaribio lililofanyika katika vijiji 600, watu wapatao 21,000 waliowahi kupatwa na kiharusi au wazee wenye shinikizo walifuatiliwa kwa karibu miaka mitano. Waliopewa chumvi ambayo robo yake ilikuwa ya potasiamu walipata kiharusi kwa kiwango cha chini kwa asilimia 14. Matokeo yalitangazwa mwaka wa 2021. Chumvi hiyo haimfai mwenye figo mbovu, lakini kwa wengine ni kinga isiyohitaji hata kumwona daktari.

Njia za mkato

Tembe za zamani na chumvi havina mvuto. Familia iliyoona baba akipotea njia ya kurudi nyumbani hutaka tiba, na soko limekuwa tayari kuiuzia.

Novemba 2019 China iliidhinisha kwa masharti dawa ya Alzheimer iliyotengenezwa kutokana na mwani. Wataalamu wengi wa ndani na nje walitilia shaka ushahidi wake, na mwaka wa 2025 uzalishaji wake ulisimama. Baadaye ulienea upasuaji wa kuunganisha mirija midogo ya limfu ya shingoni na vena, kwa madai kwamba ungesafisha taka za ubongo. Hospitali nyingi ziliufanya kabla ya ushahidi wa kutosha kupatikana, hadi Tume ya Kitaifa ya Afya ilipoupiga marufuku kama tiba ya Alzheimer Julai 2025.

Zipo pia dawa mpya za kuondoa protini inayojikusanya ubongoni, ya kwanza ikiwa imeidhinishwa nchini humo Januari 2024. Hizi zina ushahidi. Hata hivyo, hupunguza tu kasi ya maradhi, hufaa walio katika hatua za mwanzo, hutiwa mshipani, na mgonjwa lazima apigwe picha za ubongo mara kwa mara kwa kuhofia uvimbe na uvujaji wa damu. Mzee wa kijijini mwenye pensheni ya yuan 143 hazimhusu.

Aibu nayo huwazuia wengi kutafuta msaada mapema. Jina lililozoeleka la maradhi haya kwa Kichina ni laonian chidai. Sehemu ya kwanza humaanisha uzee, na chidai huunganishwa kwa herufi mbili zenye maana ya upumbavu na uzito wa akili. Taiwan na Hong Kong zimechukua majina ya kistaha zaidi, lakini China bara hata mpango rasmi wa serikali umebaki na neno chidai katika kichwa chake. Sisi wasanifu wa habari za Kiswahili hatuna budi kujitazama pia kabla ya kucheka. Mara ngapi tumeona mzee wa aina hiyo akiandikwa kuwa "amerukwa na akili"? Mtu huficha ugonjwa ulio na jina la tusi.

Kuna utafiti mmoja ambao wapangaji wa sera huko Beijing wangefaa kuubandika ukutani. Mwaka wa 2017 Profesa Zeng Yi na wenzake waliwalinganisha Wachina wa miaka 80 hadi 105 waliochunguzwa mwaka wa 1998 na wa umri huo huo waliochunguzwa mwaka wa 2008. Kizazi cha pili kilikuwa kikifa kwa kiwango cha chini na kilijimudu vyema zaidi kwa shughuli kama kuoga na kuvaa. Lakini kilifanya vibaya zaidi katika majaribio ya akili na ya nguvu za mwili. Yaani tiba na maisha bora viliwaongezea dhaifu miaka bila kuwaongezea kumbukumbu.

Kwa msomaji wa Kenya, zahanati ya kijiji cha Liaoning haiko mbali kama inavyodhaniwa. Mfano wa madaktari pekupeku ulichangia fikra za Azimio la Alma-Ata la mwaka wa 1978 kuhusu huduma za msingi, na kutokana na fikra hizo ndipo walipochipuka wahudumu wa afya vijijini barani Afrika. Wahamasishaji wa afya ya jamii waliozinduliwa nchini mnamo Septemba 2023 wanatoka katika ukoo huo huo, na mikoba yao ina mashine ya kupima shinikizo. Kupima ni nusu ya kazi. Vijiji vya China vilivyoachwa na huduma ya kawaida katika jaribio lile havikukosa mashine.

Mwishoni mwa mwaka wa 2024 wizara na idara za serikali ya China zilikubaliana kuhusu mpango wa kitaifa wa kukabili maradhi ya usahaulifu hadi mwaka wa 2030, na lengo mojawapo ni kupunguza kasi ya ongezeko la wagonjwa. Swali ni nani atakayeutekeleza huko chini. Idadi ya madaktari wa vijiji imekuwa ikipungua, wengi wao ni wazee, na vijana waliohitimu hawaoni kwa nini waende kuishi mahali ambapo wenzao wamepahama. Jaribio la mikoa mitatu lilifaulu kwa sababu mtu huyo alifunzwa, akasimamiwa na kulipwa kwa kazi hiyo mahsusi. Kuligeuza liwe huduma ya kawaida kote nchini kunahitaji bajeti ya kila mwaka.

Muda si mwingi. Baada ya ile njaa kuu, vizazi vilipanda ghafla, na katika mwaka wa 1963 pekee walizaliwa zaidi ya watoto milioni 29, idadi ambayo China haijawahi kuifikia tena. Watoto hao walitimiza miaka 62 mwaka wa 2025. Wastani wa umri wa wakulima walioingia katika jaribio la tembe na daktari wa kijiji ulikuwa karibu miaka 63.